Picha za kapilari za wazee hazitoki vizuri? Tafuta chanzo kabla ya kusingizia uzee

Kijana wa miaka 25 akiweka kidole chini ya hadubini, kapilari zake, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, pale kwenye shina la ukucha huonekana zimejipanga safu, kitanzi baada ya kitanzi. Kisha anakaa babu wa miaka 75. Hadubini ni ileile, taa ni ileile, na kinachotoka ni ukungu mwekundu wenye vitanzi vitatu vinne vilivyopindapinda. Anayepiga picha anaandika kwenye daftari: "mishipa imepungua kwa sababu ya umri."

Huenda ni kweli. Ila kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo: hadubini haioni mshipa, inaona damu iliyomo. Ukuta wa kapilari ni mwembamba na hauna rangi. Kapilari isiyo na chembe nyekundu ndani yake haionekani kabisa, hata kama ipo pale tangu mtu azaliwe. Kwa hiyo chochote kinachozuia damu isiingie, au kinachozuia mwanga usiifikie, kitakupa picha ya "mishipa imepungua". Na kwa mzee vizuizi hivyo ni vingi: ngozi kavu, sugu, vidole vya baridi, mkono unaotetemeka, dawa za kila siku.

Mwongozo huu ni wa wanaotumia hadubini ndogo za USB au zile za kitaalamu za kuangalia kapilari. Mwishoni nimeweka machache kwa wenye mashine ya OCT, ile inayotumia mwanga kupiga picha ya ndani ya ngozi. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye dalili yako, isipokuwa sehemu ya vipimo, ambayo ningetaka kila mtu aipitie.

Naona nukta tu, sioni vitanzi

Hili si tatizo la mashine. Sehemu nyingi za mwili kapilari za ngozi husimama wima, kila kinundu cha dermisi (tabaka la ngozi lililo chini ya lile la juu) na kitanzi chake, kwa hiyo ukiutazama mkono kutoka juu unaona ncha tu: nukta nyekundu au alama ndogo mfano wa mkato. Kwenye shina la ukucha safu ya mwisho ya vitanzi hulala sambamba na ngozi. Hapo ndipo unaona kitanzi kizima: mguu mwembamba unaoleta damu, kona, na mguu mnene kidogo unaoirudisha. Ukiona nukta, umerudi nyuma mno kuelekea kwenye kifundo cha kidole. Sogeza lenzi mbele mpaka uone ukucha unaanza, kisha rudi nyuma kidogo sana.

Kwa mtu mzima mwenye afya tarajia vitanzi 7 au zaidi katika kila milimita ya safu hiyo ya mwisho, na upana kwenye kona usiofika mikromita 20. Tumia vidole vinne vya kila mkono, gumba liache. Kidole cha pete na kile cha mwisho ndivyo vyenye ngozi angavu zaidi. Ukiwa na haraka anzia hapo.

Vipimo vya leo havifanani na vya wiki iliyopita

Kasha la hadubini limeandikwa "1000x". Yasahau maandishi hayo. Namba hiyo mara nyingi imechanganya na ukubwa wa skrini, na haikusaidii kupima chochote. Unachohitaji kujua ni pikseli moja ina mikromita ngapi.

Tafuta kioo cha kupimia, kile kidogo chenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kigawanyo kikiwa mikromita 10. Kipige picha. Ikiwa ile milimita moja imechukua pikseli 800, basi pikseli moja ni mikromita 1.25, na kitanzi chenye upana wa pikseli 12 kina mikromita 15. Hesabu imeisha.

Tatizo ni kwamba kwenye hadubini nyingi za bei nafuu gurudumu la kulengea ndilo hilohilo linalobadilisha ukuzaji. Ukilizungusha ili kupata picha safi kwa mzee mwenye ngozi nene, umebadilisha pia idadi ya mikromita kwa pikseli, na hujui. Hapo mzee anaonekana ana kapilari pana kuliko kijana kwa sababu ya gurudumu. Dawa yake ni kulifunga kwa utepe wa gundi sehemu moja, kisha kulenga kwa kupandisha na kushusha hadubini nzima kwenye stendi yake. Na kile kioo kipigwe picha kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kukaa.

Jambo dogo la kuongeza: upana unaoupima ni wa safu ya chembe nyekundu. Utegili, yaani majimaji ya damu yanayopita pembeni mwa chembe, hauonekani, wala ukuta. Kwa hiyo usiandike "kipenyo cha kapilari" ukiwa umepima damu. Watu wawili wakilinganisha takwimu zao watagombana bure.

Picha imejaa mng'ao mweupe

Huu ni mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi kabla haujaingia ndani. Kwa wazee huzidi kwa sababu tabaka la juu limekauka na kuinuka magamba madogo, na chini ya kila gamba kuna hewa. Mwanga ukitoka kwenye hewa ukakutana na ngozi, sehemu yake hurudi palepale.

Weka tone la mafuta. Kipeo cha kuvunja mwanga cha mafuta ya parafini ni karibu 1.47, na cha tabaka la juu la ngozi ni karibu 1.5, kwa kuwa vinakaribiana, mwanga unapita bila kurudi. Maji yako kwenye 1.33, ndiyo maana hayatoshi. Mafuta ya zeituni yanafaa. Jeli ya ultrasaundi inafaa pia, ila hukauka haraka na huja na mapovu, na povu moja likikaa juu ya safu yako limeharibu milimita nzima.

Mafuta ya nazi, ambayo huku pwani ndiyo yanayopatikana kila nyumba, yana hila yake. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chumba chenye kiyoyozi kikali, tone linaanza wazi kama maji, baada ya dakika kadhaa linageuka ukungu mweupe, na mtu anahangaika kufuta lenzi. Lenzi haina kosa.

Ngozi ikiwa kavu sana, paka mafuta kisha ngoja dakika mbili tatu yaingie chini ya magamba, halafu ongeza tone jingine. Ukikuta bado kuna mng'ao, weka filta mbili za polaroidi, moja kwenye taa na nyingine mbele ya lenzi, uzungushe moja taratibu. Kuna mahali mng'ao unakufa ghafla na kapilari zinatokea. Mwanga uliorudi juu juu hubaki na mwelekeo wake na unazuiwa. Ule ulioingia ndani ukatawanyika huchanganyika mielekeo na kupita. Njia hii ndiyo iliyotumika katika kamera za mkononi za kupiga picha mishipa midogo zilizotokea mwaka 1999.

Naona ngozi vizuri, mishipa siioni

Hapa ndipo wengi wetu tunaofanya kazi na watu weusi tunapokwama, na vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya havitusaidii sana. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, hukaa kwenye tabaka la juu, epidermisi, yaani juu ya kapilari. Mwanga unatozwa ukiingia na unatozwa tena ukitoka.

Taa nyeupe peke yake ni dhaifu kwa kazi hii. Himoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, hunyonya sana mwanga wa kijani hadi manjano, kati ya nanomita 540 na 577, kwa hiyo kwenye mwanga wa kijani damu huonekana nyeusi na ngozi inayoizunguka hubaki angavu. Himoglobini hunyonya zaidi mwanga wa zambarau, karibu na nanomita 415, lakini usivutwe na hilo: melanini nayo huzidi kunyonya kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, na mwanga huo hutawanyika kabla ya kufika mbali. Huna taa ya kijani? Piga kwa taa nyeupe, ifungue picha kwenye ImageJ, programu ya bure iliyotoka kwenye taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, tenganisha rangi tatu, uchukue chaneli ya kijani. Tofauti utaiona kwa macho.

Ukiongeza kontrasti kwa programu, fanya kwa kiasi. Ukiisukuma sana, mifuo ya kawaida ya ngozi inajichora kama mishipa, na ngozi ya mzee ina mifuo mingi. Njia ya kuhakiki ni kuangalia video: kwenye mshipa kuna kitu kinatembea, kwenye mfuo hakuna.

Kabla ya kulaumu melanini, angalia kidole chenyewe.

"Shikamoo bibi. Hina hii umepaka lini?"

"Marahaba mwanangu. Juzi usiku, tuna harusi."

Rangi ya hina inashika kwenye tabaka la juu la ngozi na kunyonya mwanga wa buluu na wa kijani, ule ule unaouhitaji. Hakuna filta itakayokuokoa. Mpangie siku nyingine baada ya wiki tatu, na kwa bibi mwenye umri mkubwa ongeza kidogo, maana tabaka la juu la ngozi hubanduka polepole zaidi uzeeni. Kwenye ukucha hina itabaki miezi, hiyo haitusumbui. Piko ni mbaya zaidi, kwani huweza kuunguza ngozi na kuleta wekundu ambao utauhesabu kama mishipa iliyotanuka. Msimu wa uchaguzi kuna wino: una nitrati ya fedha, na hukaa palepale kwenye shina la ukucha tunapopataka. Tumia mkono mwingine.

Sugu nayo ni kizuizi. Mkulima, dobi, fundi uashi aliyeshika saruji miaka 40: tabaka la juu ni nene na halipitishi mwanga vizuri. Kwa watu hawa kidole cha mwisho cha mkono wasioutumia sana ndicho chenye matumaini. Wengine hawatapigika, na hapo andika "haikuonekana". Usiandike sifuri. Nimeona jedwali ambamo kila asiyeonekana amepewa sifuri, na wastani wa wazee ukaporomoka kwa sababu hiyo tu.

Picha ikiwa imepauka yote, kwenye vidole vyote, na hina haipo wala sugu, fikiria upungufu wa damu. Himoglobini ikipungua, kontrasti inapungua nayo.

Vitanzi vilikuwepo, sasa vimepotea

Kuna vyanzo viwili vikubwa, na kimoja ni mkono wako mwenyewe.

Mwaka 1930 Eugene Landis aliingiza sindano ya kioo ndani ya kapilari za shina la ukucha za watu walio hai na kupima shinikizo: kama milimita 32 za zebaki upande unaoleta damu, na karibu 12 upande unaoirudisha. Hizo ni namba ndogo sana. Ncha ya plastiki ya hadubini ikikaa juu ya ngozi kwa uzito wake tu inatosha kuzifunga. Fanya jaribio hili: huku video ikiendelea, inua hadubini nusu milimita ili iguse mafuta tu bila kugusa ngozi. Vitanzi vikijaa ndani ya sekunde chache, umepata jibu. Kuanzia hapo tumia stendi. Mkono mtupu hauwezi kukaa bila kubonyeza.

Chanzo cha pili ni baridi. Mgusie ncha ya kidole kwa mgongo wa mkono wako. Kikiwa cha baridi, usianze. Akae ndani ya chumba dakika 15 hadi 20, nyuzi 22 hadi 25, mbali na feni. Ametoka juani kwa miguu? Vilevile akae, maana mishipa iliyotanuka kwa joto nayo inadanganya. Mkono uwe usawa wa moyo: kila sentimita chini ya moyo huongeza karibu robo tatu ya milimita ya zebaki kwenye mishipa, kwa hiyo mkono unaoning'inia pembeni ya kiti una damu iliyojikusanya na vitanzi vilivyovimba, na ule ulioinuliwa umekauka.

Muulize alichotumia asubuhi. Sigara, tumbaku ya kutafuna na ugoro vyote vina nikotini, na nikotini hubana mishipa ya vidole. Miraa vivyo hivyo. Kahawa pia, na mzee wa pwani aliyetoka barazani hasemi "nimekunywa kahawa", kwake vile vikombe viwili vitatu vidogo ni maongezi tu. Muulize kwa kutaja kikombe. Angalia pete iliyobana, bangili, mkono wa shati uliokunjwa ukakaza. Kisha andika dawa zake za presha kwa majina. Baadhi ya dawa za kundi la vizuizi vya beta huleta vidole vya baridi, na zile za jamii ya amlodipini hutanua mishipa. Usimwambie aache dawa ili upate picha nzuri, andika tu.

Milia inapita kwenye video, au picha inacheza

Milia myeusi inayopanda taratibu ni taa ya chumba. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde, na kamera inasoma mstari mmoja baada ya mwingine. Zima taa ya chumba ubaki na ya hadubini, au weka muda wa kamera kupokea mwanga kuwa 1/100 au 1/50 ya sekunde. Ukichagua 1/50 kumbuka chembe ya damu inayokwenda milimita 1 kwa sekunde itasogea mikromita 20 katika fremu moja. Kwa kuhesabu vitanzi haidhuru, kwa kupima kasi inaharibu kila kitu.

Mtetemo wa mkono wa mzee hauzuiliki kwa kumwambia "tulia bibi". Akisikia hivyo ndiyo anazidi. Mpe udongo laini wa kuchezea watoto alaze kidole ndani yake, mkono mzima upumzike juu ya mto, mwongeleshe mambo mengine. Chukua video ya sekunde 10, baadaye uchague fremu zilizotulia.

Nimerekebisha yote, bado vitanzi ni vichache

Sasa, na sasa tu, tuzungumzie umri.

Ngozi inapozeeka, mpaka kati ya epidermisi na dermisi, ambao ujanani una vinundu na mabonde, hunyooka. Kinundu kikipotea, kitanzi kilichokuwa ndani yake kinapotea au kinalala. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya umri hayako kwenye shina la ukucha. Yako kwenye mkono, uso, kifua, ambako nukta zilizojaa kwa kijana huwa chache kwa mzee, na badala yake unaona mishipa iliyolala, mirefu. Kwenye shina la ukucha idadi hushuka kidogo na kinachoonekana zaidi ni kupindapinda: vitanzi vinajisokota na mguu mmoja unavuka mwingine. Mtu anayetaka kusoma uzee akaangalia kucha peke yake amechagua mahali ambapo uzee hauongei kwa sauti.

Tenganisha pia uzee na jua. Piga picha upande wa nje wa mkono, kisha ndani ya mkono wa juu karibu na kwapa. Miaka ni ileile kwa sehemu zote mbili. Ukikuta nje kuna mishipa michache iliyotanuka na ndani hali ni nzuri, unayoyaona ni makovu ya jua. Ngozi nyeusi hulindwa na melanini kwa kiasi, kwa hiyo usichukue picha za wazungu waliochomwa na jua ukazifanya kipimo cha wavuvi wa Lamu.

Swali linalobaki: kapilari hazipo kabisa, au zipo bila damu? Hili lina jaribio lake, na ningependa lifanywe mara nyingi zaidi kuliko linavyofanywa. Lilitumika London mwaka 1999 kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Unapiga picha ngozi ya mgongo wa kidole, unahesabu. Kisha unafunga mkanda mdogo wa presha kwenye shina la kidole na kuujaza hadi milimita 60 za zebaki kwa dakika 2. Kiasi hicho kinazuia damu kurudi lakini hakizuii kuingia, kwa hiyo kila kapilari iliyopo inajaa. Unapiga tena. Idadi ikipanda sana, kapilari zilikuwepo zimelala, na tatizo lako ni baridi, dawa, au mishipa inayobana. Isipopanda, hazipo. Usilifanye kwenye mkono wenye njia ya kusafishia damu ya figo, wala mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi.

Jaribio la joto linakwenda upande mwingine, linapima uwezo. Kwa kifaa cha leza Dopla, kinachopima mtiririko wa damu kwenye ngozi, ngozi inapashwa hadi nyuzi 42 au 43. Mtiririko hupanda mara mbili: kilele cha mwanzo ndani ya dakika chache, kinachoendeshwa na neva za ngozi, kisha unashuka na kupanda tena polepole hadi kutulia baada ya nusu saa hivi, sehemu ambayo hutegemea zaidi oksidi ya nitriki, kemikali ya mwili inayotanua mishipa. Kwa wazee sehemu zote mbili huwa dhaifu. Mshipa upo, damu ipo, ila hautanuki kama zamani.

Na yapo yasiyo ya umri kamwe. Kitanzi chenye upana wa zaidi ya mikromita 50, madoa ya damu iliyovuja kwenye vidole kadhaa, sehemu pana zisizo na kapilari hata moja: mtu huyo, hasa kama vidole vyake hugeuka vyeupe kwenye baridi, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya viungo na tishu, maana picha hiyo inafanana na skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi. Doa moja la damu kwenye kidole kimoja ni jambo jingine. Huenda ni mkasi wa kukatia kucha. Muulize. Kisukari na shinikizo la damu nazo hupunguza kapilari, na kwa kuwa huongezeka na umri, kundi lako la "wazee" linaweza kuwa kundi la wagonjwa wa presha bila wewe kujua. Pima presha na sukari ya kila mtu kabla ya kumweka kwenye jedwali.

Wahesabuji wawili, namba mbili

Wakubaliane kabla: safu ya mwisho tu, au na ya pili? Kitanzi kilichosokotwa kinahesabiwa kimoja au viwili? Kwa vijana haibadilishi sana, kwa wazee inabadilisha mno, kwa sababu vitanzi vyao ndivyo vinavyovukana. Na anayehesabu asijue umri wa mwenye kidole. Ukijua ni babu, jicho lako linatafuta upungufu na linaupata. Toa majina na umri, changanya faili, zipe namba za kubahatisha.

Kwa wenye OCT

Teknolojia hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mashine za ngozi nyingi hutumia mwanga wa karibu nanomita 1300, unaofika milimita 1 hadi 2. Mishipa hupatikana kwa kulinganisha picha zilizofuatana na kutafuta kilichosogea. Ukiona milia myeupe iliyonyooka inayokata picha nzima upande mmoja, mtu amepumua au ametikisika. Ukiona mshipa uleule unajirudia kwenye kila tabaka chini yake, huo ni mkia wa kivuli cha mshipa wa juu. Usiuhesabu mara mbili. Damu inayokwenda polepole sana haionekani, kwa hiyo onyo la kapilari tupu linafanya kazi hapa pia.

Kosa lenye madhara zaidi ni la kina. Watu hukata picha ya mlalo kwa kina kimoja kwa wote, tuseme mikromita 300 kutoka juu ya ngozi. Kwa mzee mwenye epidermisi nyembamba na mpaka ulionyooka, kina hicho hakikutani na tabaka lilelile la kijana. Kinaangukia chini zaidi, karibu na mtandao wa mishipa iliyolala, ambayo kwa asili ni minene. Ripoti inasema mishipa hutanuka na umri, kumbe umelinganisha ghorofa mbili tofauti. Anza kupima kina kutoka kwenye mpaka wa epidermisi na dermisi wa mtu mwenyewe, na uuchore mpaka huo kwa mkono pale programu inapokosea, maana kwa wazee hukosea mara kwa mara.

Usilinganishe upana wa OCT na ule wa hadubini. Kapilari ya mikromita 6 hupanuliwa na ukungu wa mashine yenyewe hadi ukubwa wa doa la mwanga wake, na hapo tofauti ya kijana na mzee inamezwa. Kwa OCT hesabu urefu wa mishipa na eneo inalofunika. Upana uachie mishipa mikubwa.

Faili ghafi zihifadhiwe bila kubanwa wala kusafishwa, pamoja na joto la chumba, kidole, saa, na picha ya kile kioo cha kupimia ya siku hiyohiyo. Mzee aliyepigwa picha leo akirudi baada ya miaka mitano, kidole ni kilekile, na hapo ndipo unaweza kumlinganisha na yeye mwenyewe.